Betri Iliyozibwa kwa Sabuni

Habari ile niliisikia kwa Laurentine, mama wa Butembo anayeuza vitenge soko la Bwera. Alisema ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo, huko Kasindi, baba mmoja alilala chumba kimoja na betri ya sola, madirisha yamefungwa, na asubuhi watu wakavunja mlango. Betri inapumua, alisema, na pumzi yake inakula pumzi ya mtu. Nikamwuliza jina la huyo baba. Halijui. Nani alimwona? "Maman, kila mutu anajua." Nilinunua kitenge changu nikaenda, lakini maneno yale hayakubaki sokoni. Yalipanda na mimi gari mpaka Kasese, kwa sababu mwanangu Jonan alikuwa analala juu ya betri.

Jonan alikuwa na karavani, nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa nyuma ya gari. Wazungu waliokuja kupanda mlima waliivunja ekseli huko Nyakalengija, wakaiacha. Jonan aliinunua akaifanya saluni ya kunyoa. Juu paneli ya sola, ndani kioo na kiti, nyuma kitanda, na chini ya kitanda betri kubwa ya maji. Siku za soko aliipeleka Bwera. Siku nyingine iliegeshwa Kasese, karibu na nyumba yetu ya Nyamwamba. Alifanya kazi na Jean-Bosco, rafiki yake kutoka Beni.

Kiangazi cha mwaka 2015 betri ikaanza kukataa. Siku moja ya soko mimi nipo, mashine ilikufa juu ya kichwa cha Kathembo, mnunuzi wa kahawa. Upande mmoja umenyolewa, mwingine bado.

"Malizia," Kathembo akasema.

"Umeme umeisha, mzee."

"Umeisha? Na mimi niende nyumbani hivi? Mke wangu atauliza hiyo nusu nimenyolewa kwa nani!"

Laurentine akapiga kelele kutoka kwenye vitenge vyake: "Papa Kathembo, upande ule iko ya kijana, upande huu iko ya babu!"

Watu walicheka, na mimi nilicheka. Jonan alimaliza kwa wembe, jasho linamtoka. Alikuwa hacheki.

Wakaanza kutafuta ugonjwa. Walifuta vumbi kwenye paneli. Walikwangua waya mahali palipokuwa na kutu ya kijani. Waliongeza maji ya betri. Bado mchana ukifika nusu mashine inalia polepole, halafu inanyamaza. Mwisho Jean-Bosco akashika kontrola, kale kasanduku kadogo kenye taa ambako waya wa paneli unapita kabla ya kufika kwenye betri.

"Ni huyu," akasema. "Nguvu inatoka kwa jua, inafika hapa, inasimamishwa kama muzigo pale mpaka. Huyu anakula. Tumutoe."

Wakakatoa. Wakaunga waya wa paneli moja kwa moja kwenye betri.

Waliporudi Kasese, jua likapiga paneli tangu asubuhi, mashine ikanguruma kama mpya. Jean-Bosco akanyoa ndevu zake mwenyewe mbele ya kioo, akijipiga mashavu. "Maman, unaona? Mimi iko injinia."

Mimi nilikuwa nimewaletea bundu, ugali wetu wa muhogo, na samaki. Nilipoingia nikasikia harufu, kama mayai yaliyooza. Inatoka chini ya kitanda.

Nikawaeleza habari ya Kasindi. Nikamwambia Jonan, "Toa hii kitu nje, mwanangu."

"Mama, nikiitoa nje wataiiba."

"Basi usilale humu."

"Nisipolala humu wataiba karavani yenyewe."

"Jonan, harufu hii huisikii?"

Alinitazama, akaona sitaondoka. Betri ile ina vifuniko sita juu, na kila kifuniko kina tundu dogo. Akachukua kipande cha sabuni ya kufulia, akakilainisha kwa mate, akaziba matundu moja baada ya lingine, vile madereva wanavyoziba tangi la mafuta linalovuja.

"Haya. Nimeifunga mdomo. Haipumui tena. Utalala sasa?"

Harufu ikapungua. Nikakusanya sahani. Nililala.

Kesho yake jua lilikuwa kali tangu mapema. Nilikuwa uani nachambua maharagwe. Nilimsikia Jonan akimwambia Jean-Bosco, aliyekuwa nje, kwamba betri inatoa sauti ya sufuria jikoni, ngoja aangalie. Halafu mlio mmoja. Si mkubwa sana. Kama mtu ameangusha bati.

Alitoka na mikono usoni. Aliita mama, na mimi nilikuwa mbele yake.

"Maziwa!" Shallon, jirani yetu, akapiga kelele. "Mumwagie maziwa machoni!" Akakimbia kuyatafuta. Nami nilisimama nikamngoja, ungo mkononi. Nobert, fundi wa magari wa upande wa pili wa barabara, alikuja mbio, akamshika Jonan kichwa, akamlaza.

"Mama Jonan, hiyo ni asidi. Maji! Mwaga!"

"Shallon analeta..."

"Maji, nimesema! Mfungue macho, usimwonee huruma."

Nikamwaga. Jerikeni moja, nyingine. Alipiga miguu, nikamwaga. Mikono yangu ilifanya kazi. Mimi mwenyewe sijui nilikuwa wapi.

Hospitalini walisema jicho la kushoto litapona. La kulia linajua tu kama ni mchana au usiku. Daktari alisema hivyo, nikasema asante. Watu walikuja kutupa pole nikawapikia chai. Nilifua shati lake, likaachana mikononi vipande vipande kama karatasi iliyolowa, nikaendelea kusugua. Mpaka leo sijalia, na sioni kama nitalia.

Nobert alituambia baadaye. Betri haikuwa na ugonjwa. Bwera waliegesha pembeni ya ukuta wa stoo ya kahawa ili wateja wakae kivulini, na paneli nayo ikakaa kivulini nusu ya siku. Kontrola ilikuwa inazuia betri isijae kupita kiasi. Bila hiyo, jua la Kasese likaichemsha. Hewa ya kuchemka hutoka kwenye yale matundu; yakizibwa, inapasua betri.

"Bila sabuni ingetoka tu, ingeondoka," alisema.

Jonan bado ananyoa. Wateja wengine wanakaa kidogo, wanaona jicho, wanakumbuka wana safari.

Wazazi wenye watoto wa kazi hii, muwaambie waepuke haya:

Wasilale chumba kimoja na betri ya maji inayochaji.

Wasizibe matundu ya vifuniko, kwa sabuni, nta, wala kitambaa.

Wasitoe kontrola.

Wasiweke paneli kivulini halafu walaumu betri.

Wasiwashe kiberiti wala sigara karibu nayo, hewa yake inashika moto.

Ikichemka, wasiinamie. Watoke nje, wafunike paneli kwa blanketi, wangoje.

Asidi ikiingia machoni, wasingoje maziwa. Maji safi, mengi, hapo hapo, na wasiache kumwaga mpaka hospitali.