Taa ya Hema la Tatu

Mama Stoo alistaafu mwezi wa pili, na hadi mwezi wa tisa alikuwa hajastaafu hata kidogo. Mwili ulikuwa nyumbani, lakini roho iliendelea kuingia kazini kila siku saa mbili asubuhi, ikafungua makabati ya gundi na nyuzi, ikauliza nani kachukua mkasi mkubwa na kwa ruhusa ya nani. Miaka ishirini na sita ya kutunza stoo ya kiwanda cha uchapaji haimtoki mtu kwa keki moja na hotuba mbili.

Na keki hiyo ndiyo iliyoleta balaa. Siku ya kumuaga, Fundi Jalada, yule anayebandika majalada ya vitabu, mtu wa maneno mengi tangu azaliwe, alisimama na glasi ya soda akatangaza: "Huyu mama hatumwachi hivi hivi! Mwaka huu tunakwenda milimani wote, tukalale kwenye yale mahema ya kifahari. Na mpangaji ni nani? Ni yeye mwenyewe!" Watu wakapiga makofi, na Bwana Mashine akapiga meza mpaka vikombe vikaruka. Jamani, watu wakishashiba huahidi mengi. Lakini Mama Stoo hakuwa mtu wa kuchukulia ahadi juujuu. Alifika nyumbani, akavua viatu, akachukua daftari.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba viwili, na kimoja kilitosha. Mumewe alifariki siku nyingi. Mwanawe wa pekee aliishi mbali, akipiga simu kila Jumapili kuuliza presha, kisha, "Haya mama, tutaongea." Siku sita zilizobaki simu ilikuwa ya kuangalia saa. Kwa hiyo safari ile haikuwa safari tu. Ilikuwa siku mbili za kuitwa "Mama Stoo, njoo!" na watu waliokuwa wakimwita hivyo kila siku ya Mungu, na alizitamani siku hizo mpaka akaona aibu.

Mahema yenyewe aliwahi kuyaona kwenye simu ya Binti Mapokezi: ndani kitanda cha mbao, zulia, kioo cha kujitazama, na nje viti viwili vya kuangalia ukungu. "Sasa hili ni hema au ni nyumba iliyokosa ukuta?" aliuliza siku hiyo, na Binti akacheka mpaka akashindwa kupokea simu ya mteja.

Basi akapanga. Kila jioni akishakula aliandika kwenye kundi lao la simu: baridi ya kule ni ya kung'ata, beba soksi nzito, maji ya kunywa tuchukue huku huku, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi inafaa, mvua bado. Kundi kimya. Lakini tiki zote zilikuwa za bluu, maana yake wamesoma. "Wana kazi nyingi," alijiambia. "Huu ni msimu wa vitabu vya shule, mashine hazipumui." Siku moja Fundi Jalada alijibu kwa kidole gumba. Kidole kimoja kile kilimtosha wiki nzima.

Mwisho akatuma orodha ya kulala, na hapo ndipo alipoonyesha ufundi wake. Hema la kwanza, Meneja peke yake, kwa kuwa ni mgeni kazini na bado anaogopwa. Hema la pili, Bwana Mashine na Dereva. Huyu anakoroma, na huyu akilala hata ukimbeba hana habari. Hema la nne, Fundi Jalada na Msahihishaji, ambaye huamka alfajiri kusali, labda amwamshe na mwenzake. Hema la tatu, Binti Mapokezi na yeye mwenyewe. Chini akaandika nani alete nini. Mstari wa mwisho ulisomeka: *Taa ndogo ya hema la tatu, Mama Stoo.*

Sababu ya taa hakuiandika. Mwaka juzi umeme ulikatika Binti akiwa ndani ya stoo, na msichana aliganda, kucha zake zikazama kwenye mkono wa Mama Stoo. "Giza, Mama. Tangu utotoni. Nisipowasha taa silali. Usimwambie mtu." Hakumwambia mtu. Kwa Bwana Mashine na Fundi Jalada habari kama hiyo ingekuwa kichekesho cha mwaka.

Jumatano, siku tatu kabla ya safari, aliona asipokwenda mwenyewe kuthibitisha mahema, mambo yataharibika. Akavaa gauni la heshima akaenda hadi ofisi ya mwenye mahema, chumba kidogo chenye picha za milima ukuta mzima.

"Watu wa kiwanda cha uchapaji?" mwenye mahema aliuliza, akachambua mafaili. "Mbona mmeshathibitisha, mama? Tangu wiki iliyopita. Mahema manne, watu sita, Jumamosi. Hii hapa orodha yenu."

Ilikuwa orodha yake. Maneno yake, mpangilio wake, soksi nzito na maji ya kunywa, yote yamechapwa vizuri na kwa wino mzuri, maana kuchapa ndiyo kazi yao. Aliisoma kuanzia juu, macho yakitafuta kitu kimoja tu. Hema la tatu: *Binti Mapokezi.* Basi. Akaisoma tena, pengine miwani inamdanganya.

"Na wewe mama, uko hema gani?" mwenye mahema aliuliza kwa wema.

"Mimi nilikuja kuhakikisha tu," alisema Mama Stoo, akajikaza kisabuni mpaka alipofika nje, akasimama kwenye kivuli cha ukuta akampigia Fundi Jalada.

"Aa, Mama!" Sauti ilianza juu, ikashuka. "Kumbe umeenda kule."

"Nimeenda. Jina langu limekwenda wapi?"

Mtu wa maneno mengi, siku hiyo yalimtoka kwa matone. Meneja alisema safari ni ya wafanyakazi. Akafungua kundi jipya, la kazini. Wao wakahamia huko.

"Na lile letu?"

"Tulikuwa tunasoma, Mama. Tulisoma yote! Mpango wako mzuri mno, tulikuwa tunaunakili tu na kuupeleka kule. Ila hakuna aliyekuwa na uso wa kukuambia."

"Mwezi mzima, wewe, naongea peke yangu kama mwehu!"

"Nisamehe, Mama. Unajua gari nalo limejaa, viti ni vya kuhesabu. Lakini nitaongea na Meneja. Nafasi ikipatikana, nakupigia mara moja. Wewe kaa tayari."

Hapo ndipo ungemtikisa. Mwanamke aliyewahi kumzuia mkurugenzi mlangoni kwa kukosa saini akaamini! Alijua anapigwa chenga, anajua chenga zote za Fundi Jalada, na bado akaamini, kwa sababu asipoamini itabaki Jumamosi tupu. Alipanga begi upya. Sweta, soksi, kikombe, taa ndogo pamoja na betri za akiba. Akaliweka mlangoni.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi alikuwa amevaa viatu vya kupandia mlima, kamba zimefungwa, amekaa kwenye kochi na simu mapajani. Gari lilikuwa liondoke saa moja. Saa moja ikafika. Saa mbili akasema labda wamechelewa. Dereva huyo hakuwahi kuwahi. Saa nne akanywa chai, viatu miguuni. Saa sita alilia kidogo, si sana, akajifuta kwa mkono wa sweta.

Saa kumi na moja na nusu simu ikalia mlio wa kundi. Kundi la zamani! Fundi Jalada alikuwa ametuma picha mbili.

Ya kwanza, ndani ya gari, wote meno nje. Kiti cha nyuma, pembeni ya Binti Mapokezi, kilikuwa na gunia la mkaa. Gunia lilikuwa limefungwa mkanda. Ya pili, mahema manne meupe chini ya ukungu. Aliitazama hiyo kwa muda mrefu. Kisha, pale pale machoni pake, picha zikatoweka, yakabaki maandishi kwamba ujumbe umefutwa. Fundi alikuwa amekosea kundi.

Angeweza kunyamaza. Angeweza kuwatukana, na mimi ningemshikia simu. Lakini aliandika: "Nimeziona. Mmependeza. Hema la tatu, kamba ya kushoto imelegea, ikazeni kabla upepo haujaanza."

Tiki zikawa bluu, moja baada ya nyingine.

Alikuwa anainama kufungua kamba za viatu simu ilipolia tena. Safari hii haikuwa kundi, ilikuwa Binti Mapokezi, peke yake, kwake peke yake.

"Mama shikamoo. Kamba imekazwa. Mama, jua linakaribia kuzama. Kwenye orodha imeandikwa taa ndogo ya hema la tatu. Nimeitafuta kila mahali. Nimewauliza wote, kila mtu anasema alidhani mwenzake ndiye kaileta. Unajua iko wapi?"

Mama Stoo akageuka akatazama begi mlangoni. Mstari ule ulikuwa mmoja, taa na jina lake, na wao walikuwa wamefuta nusu.

Akavuta zipu, akaitoa, akaijaribu. Iliwaka vizuri sana, ingawa sebuleni kulikuwa bado na mwanga wa kutosha. Akaiweka mezani ikiwaka, akachukua simu, akaandika.

"Marahaba, mwanangu. Taa ninayo mimi."