Stendi Isiyotembea

Asubuhi ile Shangazi alikuwa amemwomba Mungu kitu kimoja tu, nacho hakikuwa kikubwa: apate stendi ya tarumbeta iliyo nyepesi, inayokunjika, na isiyoanguka. Sasa jua lilikuwa limeshapinda, yeye na wifi yake wamo katika duka la tatu, na subira yake ilikuwa imebaki tone.

"Chukua hii," muuzaji alisema, akifungua stendi ya miguu mitatu. "Ukimaliza unaikunja, unaisukumia ndani ya mdomo mpana wa tarumbeta, basi. Ya kubebeka."

Shangazi alitoa tarumbeta mkobani, akaivika juu yake. Ikasimama wima kama askari wa gwaride.

"Wifi, piga mguu."

Wifi yake, mke wa kaka yake, mwanamke mwenye kilo zake na maneno yake, aligusa sakafu ya mbao kwa kisigino. Stendi ikatulia.

"Nikuambie mara ngapi? Kanyaga kama tunavyokanyaga."

Maana bendi ya kanisa lao ilikuwa na mtindo wake. Ukifika wakati wa maombi, wapigaji huweka vyombo chini, huinua mikono yote miwili, na ngoma ikiendelea peke yake hukanyaga jukwaa la mbao kwa pamoja, mpaka vumbi litoke kwenye nyufa. Shangazi alijifunza tarumbeta mvi zimeshaingia, na kwa kukanyaga hakuwa na mpinzani. Tarumbeta, ambayo ni mali ya kanisa, ilikuwa imeanguka kutoka kitini mara mbili. Mwalimu wa bendi alimwambia kwa upole uliouma kuliko matusi: ikianguka tena, dada yangu, utairudisha, ukakae na wapiga makofi.

"Si uishike tu wakati wa kuomba?" muuzaji aliuliza, alipokwisha kuelezwa hayo.

"Niinue mkono mmoja mbele za Mungu, kama nasimamisha gari?"

"Mshika mawili moja humponyoka," wifi alisema.

"Ndiyo maana natafuta stendi. Kanyaga."

Wifi alikanyaga. Shangazi naye akakanyaga. Mteja aliyekuja kununua nyuzi za gitaa akajiunga bila kuombwa. Rafu zikalia. Stendi ikatetemeka, ikaanza kutembea hatua ndogo ndogo, kama mtoto anayemfuata mama yake, mpaka muuzaji akaidaka tarumbeta ikiwa njiani kwenda chini.

"Mama, hizi zimetengenezwa kwa watu wanaokaa."

"Sisi hatukai."

Muuzaji alikwenda nyuma, akarudi anahema, amekumbatia stendi yenye kitako cha chuma, kipana kama sinia. Wakakanyaga tena, mpaka jirani wa duka akagonga ukuta. Haikusogea hata unywele. Shangazi alijaribu kuinyanyua, akaguna.

"Hii nayo inabebeka?"

"Kila kitu kinabebeka, mama. Inategemea anayebeba."

Kanisa halikuwa na jengo lake. Walisali katika ukumbi wa kukodi, juu kilimani, na kila chombo kilirudi nyumbani na mwenyewe.

"Bwana," Shangazi alinong'ona, "nilisema nyepesi. Si ulinisikia?"

Aliitazama ile ya miguu mitatu. Angeweza kuichukua, aombe ametulia kama watu wengine. Lakini alijijua. Ngoma ikilia, miguu yake haiombi ruhusa.

"Nifungie hiyo ya chuma," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa.

Nje, wifi aliuwahi mkoba wa tarumbeta. "Mimi nimeshapata mzigo wangu. Chuma ni chako na Mungu wako."

Shangazi alikunja mtandio, akauweka kichwani, akajitwika. Kijiti cha stendi kikasimama juu kama antena.

"Unashika stesheni gani?" wifi aliuliza.

Shangazi alipanda kilima kwenda mazoezini, amenuna, shingo imekaza, mkono wa kushoto umeshika chuma, na vidole vitatu vya mkono wa kulia vikibonyeza hewa, vikirudia wimbo wa Jumapili.