Nyekundu Ishirini

Nekesa aliuzungusha utepe wa kupimia utapiamlo kwenye mkono wa Lomenen, juu ya kiwiko, akauvuta taratibu akiogopa kumuumiza. Mkono wenyewe ulikuwa ngozi na mfupa. Utepe ulisimama kwenye rangi nyekundu. Mtoto hakulia, alikuwa amekwisha kuacha mambo ya kulia. Nakiru, mama yake, aliwafukuza nzi mdomoni mwa mwanawe kwa pindo la shuka.

"Nyekundu ni mbaya, dakitari?"

"Mbaya, mama. Lakini mtoto ya nyekundu anapewa chakula."

"Basi ni mzuri," Nakiru alisema, akacheka kidogo.

Nekesa hakuwa daktari. Alikuwa karani wa takwimu kutoka Bungoma, mwenye mkataba wa miezi mitatu, na kijiji hiki nje ya Kakuma kilikuwa cha mwisho katika safari yake. Mbuzi walikuwa wamekufa, na watu walikuwa wakitafuna matunda ya mkoma. Chakula chenyewe kilikuwa pakiti za siagi ya karanga iliyotiwa dawa, na alipewa mtoto wa nyekundu tu, hesabu ikishapitishwa. Wa njano aliambiwa asubiri duru ijayo. Wa kijani aliambiwa aende nyumbani, kana kwamba nyumbani kulikuwa na kitu.

Aliporudi ofisini Lodwar alifanya jaribio la kai-mraba kama alivyofundishwa: unalinganisha idadi uliyoiona na idadi uliyotarajia, na tofauti ikiwa ndogo, basi ulichotarajia kinakubalika. Jibu likivuka sita hivi, kuna kasoro. Yeye alipata sabini na nne.

Shadrack, meneja wa mradi, aliiangalia karatasi huku akipuliza chai.

"Sabini na nne! Nekesa, chuo ulisomea uchawi?"

"Kasoro ipo, bosi, lakini iko kwenye matarajio. Tulitarajia nyekundu ishirini kati ya watoto mia mbili. Tumeona hamsini na nne."

"Matarajio yalishapitishwa. Huwezi kuyagusa."

"Hiyo ishirini ilitoka wapi?"

Shadrack alipuliza chai tena. Jibu Nekesa alilijua. Ishirini ndio watoto ambao stoo ingeweza kuwalisha. Pakiti nyingine aliziona kwa macho yake madukani Kakuma, zimepangwa kando ya sabuni, na maneno "Si ya kuuzwa" bado yapo juu yake. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Uongo. Shadrack aliwajua wenye njaa, alijua hata walipaswa kuwa wangapi.

"Tatizo mnawakaba watoto," alisema kwa upole. "Utepe haukazwi hivyo. Rudi ukapime tena, na mkono wako uwe mwepesi. Mkataba wako unaisha Ijumaa, sivyo? Nataka nikusainie mwingine."

Nekesa alirudi kijijini. Safari hii aliulegeza utepe hata kidole kikapita kati yake na ngozi, na ulipokataa kubadilika alipima juu ya nguo. Alijichukia kuanzia mtoto wa kwanza. Lakini mkono ulizoea upesi.

Nakiru aliinama kutazama.

"Hii ni njano," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Juzi ilikuwa nyekundu." Uso wake ulifunguka. Alimkumbatia Lomenen, kichwa cha mtoto kikaning'inia begani. "Akuj ni mkubwa! Mtoto yangu inapona! Asante, dakitari, asante sana." Kisha akatandaza shuka chini ili apokee. "Sasa chakula iko wapi?"

Nekesa alikunja utepe wake.

"Chakula ni ya nyekundu, mama. Njano inangoja."

Nakiru hakupandisha sauti. Aliushika mkono wa mwanawe akaunyoosha mbele ya Nekesa.

"Basi rudisha nyekundu."

Gari lilipiga honi. Nekesa alipanda bila kuaga, na mama yule alibaki ameushika mkono ule vilevile, ameunyoosha.

Ijumaa asubuhi Shadrack aliisoma ripoti mpya akitikisa kichwa kwa furaha. Nyekundu ishirini na moja. Kai-mraba ilikuwa imeshuka karibu na sifuri. Mwanafunzi yeyote angeona kwamba njaa ya kweli hailingani na bajeti kwa unadhifu huo, lakini ripoti haikuwa inaenda kwa mwanafunzi.

"Safi! Hii sasa ndiyo takwimu." Alisaini mkataba. Kisha akavuta droo, akatoa pakiti, akaichana pembe kwa meno na kuikamulia juu ya mkate. Alipaka hadi kingo, akalamba kidole, akamsukumia Nekesa sahani.

"Kula, dada. Umechoka wewe."

Nekesa alikuwa hajala tangu alipotoka Kakuma. Aliuma. Ilikuwa tamu. Iliganda kwenye kaakaa, na kila alipojaribu kuitoa kwa ulimi, alikuta anaimeza.