Bahari Ndani ya Mashua ya Kijani

Baada ya chakula cha mchana, fundi seremala alipanda ngazi, msasa mkononi, akaingia kwenye mashua ya kijani iliyoegemezwa magogo katikati ya karakana. Ndani bahari ilikuwa imechafuka. Kila mashua pale ilikuwa na bahari yake, na wafanyakazi walishazoea kuja na nguo za kubadilisha.

Binti yake na mumewe walitaka chombo cha kuvukia bahari kuu, na mtu hampi mwanawe chombo hivi hivi.

Wimbi likamyumbisha, mkono ukakuta kishikio palepale ulipokitafuta. Chumba chenyewe chembamba, hata ukianguka huendi mbali. Maji yakajaa pale anapokaa nahodha, yakatoka yote kabla fundi hajamaliza kutukana. Usukani ulijibana nyuma ya mkuku, ule uti wa chini ya mashua, mrefu, mzito, hakuna gogo lieleàlo la kuugusa. Akauachia. Mashua ikashika njia yenyewe, imetulia kama mama mwenye nyumba yake.

"Ee bwana wee! Mikono iliyokuunda ibarikiwe," akasema, na machozi yakamlengalenga.

Akashuka akichuruzika. Mlinzi akampa taulo.

"Vipi leo?"

"Hii inafika, ndugu yangu. Inafika na kurudi."

Akaingia mashua ya pili, nyeupe, mpya, yenye sebule pana na friji. Wimbi la kwanza likamrusha ukuta hadi ukuta, hana pa kushika. La pili likaung'oa usukani, maana ulining'inia peke yake huko nyuma. Akatoka jino limelegea.

"Lakini baba, sebule ya ile!" binti alilalamika.

"Sebule utaikuta ukirudi."

Wakachukua ya kijani. Fundi akaenda kwa tajiri wa karakana. "Tajiri, ile nyeupe itaua watu."

"Najua. Ndiyo maana naionyesha asubuhi, bahari yake ikiwa shwari."

Kesho yake asubuhi, usukani umesharudishwa, wateja wengine, mume na mke wenye mtoto mchanga, walizunguka ndani ya nyeupe wakisifu kitanda.

"Jamani, rudini mchana muione," fundi akawaambia.

"Msimjali, fundi wetu ana utani," tajiri akasema. Wakacheka, wakapokea funguo.

Mke akamwomba fundi awafungie kitanda cha mtoto ukutani. Fundi akarudi kwenye sanduku lake, akachagua skrubu ndefu kuliko zote alizokuwa nazo, akakifunga.