Meli Iliyotia Nanga Newala

Jumanne saa nne asubuhi Oliva alikuwa uani akibangua korosho, vidole vimepakwa majivu, meli ya watalii ilipotia nanga kwenye ukingo wa Shimo la Mungu, lile bonde refu chini ya mji. Ilikuwa nyeupe, ya ghorofa kumi na moja. Bahari iko mbali, Mtwara huko, lakini nahodha alisema kina kinatosha. Majirani walilalamika tu kwamba inawazibia upepo.

Wakala wa meli, Swalehe, zamani karani wa mizani ya korosho Tandahimba, alipita nyumba kwa nyumba na filimbi shingoni, akafika kwa Oliva.

"Shikamoo, Mama Dorika. Wageni elfu mbili hao. Andaa biashara."

"Marahaba. Korosho wanakula?"

"Wanakula kila kitu."

Oliva akakaanga korosho zake zote za akiba. Alifurahi, tusifiche, alikwishaanza kuona bati jipya juu ya nyumba yake.

Wageni walishuka, wakapiga picha sinia lake la korosho, wakapita. Chakula chao kilikuwa melini, wamekilipia kwao. Mzee mmoja tu alisimama, uso umemwiva kwa jua, akaonyesha koo.

Newala kila ua una kisima cha saruji kinachokinga maji ya mvua kutoka batini, nacho hufungwa kwa kufuli ili maji yafike mvua nyingine. Lakini mgeni hauziwi maji. Oliva alifungua kufuli, akamchotea kata moja. Yule mzee alikunywa yote, akashukuru kwa kichwa.

Swalehe akapuliza filimbi, akaandika kwamba nyumba imeridhia kuwapa wageni maji. Mpira mnene wa kuvutia maji ukateremka kutoka melini, ukavuka barabara na kuzama kisimani.

"Swalehe, mimi nimempa mgeni kata moja!"

"Na hao wengine si wageni, mama?"

Oliva akawatazama. Ni wageni kweli. Alisikia kisima kikikoroma kwa chini, na mpira ukahamia kwa jirani, ambaye naye alikuwa amemnywesha mtu.

Tangu hapo meli huja kila Jumanne, na tangazo la wilaya linasema utalii umefika. Oliva hushuka bondeni alfajiri, hupanda na ndoo moja kichwani, na ndoo hiyo ndiyo ya siku nzima. Anajuta, na kinachomuuma zaidi ni kwamba haoni kosa lake lilikuwa wapi.

Jumamosi wifi yake, Isabela, alifika kwa miguu kutoka Makote, vumbi mpaka magotini. Walisalimiana, wakaulizana habari za watoto. Oliva akamtandikia mkeka, akaketi kando yake; kata ya maji hakuileta. Isabela alingoja kidogo. Kisha akalamba midomo, akatazama pembeni, akaanza kusimulia habari za mikorosho.