Miguu Inayorudi Nyumbani Mchana

Saa mbili asubuhi, mlinzi wa lango la kiwanda cha magodoro alikaza kamba za buti, akampa msimamizi barua ya daktari. Ilieleza ugonjwa adimu: miguu huwaka moto na kuwa myekundu, hali mwili hauna homa. Alishaandikiwa vidonge na dawa ya kupaka, ila havitafua dafu asipovua viatu robo saa kila mchana na kuiloweka miguu katika maji ya baridi yasiyo na barafu.

Msimamizi aliisoma mara mbili, maana hakuwa mtu mbaya.

"Pole sana, mzee wangu. Lakini buti ni sare. Ukivua wewe, kesho wote watanijia na kandambili."

Kufikia saa sita machozi yalikuwa yakimlenga mlinzi. Ndipo miguu yake ilipochoka kungoja ruhusa. Ilichomoka taratibu ndani ya buti, ikapita chini ya kizuizi, ikashika njia ya nyumbani upande wenye kivuli. Mlinzi alibaki wima, akafungulia lori lango.

Mkewe aliitambua kwa ule ukucha uliopinda. Akaijazia beseni, akayapima maji kwa kiwiko kama ya mtoto mchanga, akaipepea mpaka wekundu ukafifia. Kisha akaipaka dawa na kuihimiza iwahi kazini.

Ikawa ndiyo kawaida. Jioni mlinzi alirudi nayo, akala, akapata usingizi, na mkewe alifurahi mno.

Dereva wa lori ndiye aliyesema, "Bosi, buti za mlinzi wako ziko tupu."

"Kamba zimefungwa?"

"Zimefungwa."

"Basi."

Moto ulipohamia na mikononi, sare ikaongezwa glavu. Mikono nayo ikajifunza njia, imepanda juu ya miguu, kila mkono na mguu wake. Msimamizi, kwa kuona mlinzi haombi tena kupumzika, akampa zamu za jioni, kisha za Jumapili, kisha zote.

Jumapili mkewe aliketi sebuleni, miguu ikiwa ndani ya beseni, mikono mapajani mwake, imepoa kabisa. Alikuwa na hamu na mumewe.

"Na mwenyewe anakuja lini?"

Mkono mmoja ulimshika kidole gumba, ukakishikilia hadi robo saa ilipotimia, naye akaisindikiza yote mpaka mlangoni.