Wimbo Usioitikiwa

Gentrix aliwaonya waamuzi wenzake: kwenye usaili, asicheke mtu wala kutikisa kichwa, wasije wakaambiwa wana upendeleo. Kundi lake la maigizo mjini Kakamega lilitafuta mwanamke wa kuongoza nyimbo msimu mzima.

Mama Fanice, mmoja wa waliokuja kusailiwa, alitoka kijiji cha Malinya, alikozaliwa Gentrix mwenyewe. Aliweka kikapu chini, akaanzisha wimbo wa mazishi wa kwao, kisha akanyamaza, akingoja. Nyimbo za kule haziimbwi na mtu mmoja; mmoja huita, wengine huitikia. Akaita tena. Kalamu zilikwaruza karatasi. Kiitikio kilimjaa Gentrix kinywani, kile kile alichoimba walipomzika mamake, lakini akakimeza. Eti sheria! Ujinga mtupu.

Mara ya tatu, sauti ya Mama Fanice ilikatika katikati.

“Mama, mbona huendelei?” Gentrix aliuliza, macho makavu.

Mama Fanice akaokota kikapu chake. “Niendelee na nani, mwanangu? Nimepiga hodi mara tatu. Nilidhani kuna watu.”

Mpaka leo, Gentrix akifagia jukwaa peke yake, huitikia wimbo ule. Wa kuuita hayupo.